Usambazaji wa umeme kiotomatiki

Usambazaji wa umeme kiotomatiki ni namna ya kuendesha mtandao wa kugawa umeme kwa kutumia sensa, swichi zinazojiendesha, mawasiliano na kompyuta, ili hitilafu itambuliwe, sehemu iliyoharibika itengwe na wateja wengine warudishiwe umeme bila kungoja fundi afike kwenye kila nguzo. Ni sehemu mojawapo ya kile kinachoitwa gridi janja, ambayo inajumuisha pia mita janja, umeme wa jua unaozalishwa na wateja wenyewe na utabiri wa matumizi.

Makala hii inatumia hasa mfano wa nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, yaani Kakonko, Kibondo na Kasulu pamoja na Kabanga, ambako umeme wa gridi ya taifa ulifika mwaka 2022 tu. Huko laini ni ndefu, vijiji vimetawanyika na mvua za radi ni nyingi, kwa hiyo faida za teknolojia hii na mipaka yake huonekana wazi kuliko mjini.

Mtandao wa usambazaji

Umeme hutoka mitamboni kwa njia za usafirishaji zenye msongo mkubwa (msongo ni neno linalotumiwa na mafundi wa Tanzania kwa volteji). Nchini Tanzania njia hizo ni za kilovoti 66, 132, 220 na siku hizi 400. Kwenye kituo cha kupoza umeme msongo hushushwa hadi kilovoti 33 au 11, na kuanzia hapo ndipo usambazaji unapoanza. Laini ya kilovoti 33 au 11, ambayo mafundi wengi huiita fida, hupita kandokando ya barabara na mashamba hadi kwenye transfoma za nguzoni, zinazoitwa pia mashineumba. Hapo msongo hushushwa tena hadi voti 400 kwa umeme wa njia tatu na voti 230 kwa umeme wa njia moja unaoingia majumbani.

Umeme unaokatika nyumbani mara nyingi haukukatikia mtamboni. Tanzania imeongeza uzalishaji kwa kiasi kikubwa: Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mashine 9 za megawati 235 kila moja (jumla megawati 2,115), lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Lakini megawati nyingi Rufiji hazimsaidii mtu wa Kasulu ikiwa tawi la mti limeangukia waya kilomita 10 kutoka kwake. Upungufu wa uzalishaji huleta mgao. Ubovu wa usambazaji huleta kukatika kusikotabirika, na tiba zake ni tofauti.

Laini nyingi za vijijini zina umbo la mti: shina moja linatoka kituoni, kisha matawi, kisha vitawi. Kila mteja ana njia moja tu ya kupata umeme. Mijini laini mbili huweza kukutana kwenye swichi iliyoachwa wazi, hivyo upande mmoja ukiharibika unaweza kulishwa kutoka upande wa pili. Tofauti hii ya umbo ndiyo inayoamua otomatiki itafaa kiasi gani.

Kutafuta hitilafu kwa mkono

Katika mtandao usio na otomatiki, kifaa cha kwanza kujua kwamba kuna shoti ni relei iliyo kituoni. Mkondo ukizidi kiwango, relei huiamuru saketi breka ifunguke, na laini nzima huzimika pamoja na matawi yote yasiyo na kosa. Relei za kizamani hazisemi hitilafu iko wapi. Zinasema tu kwamba ipo.

Kinachofuata ni kazi ya miguu na gari. Mafundi hupokea simu za wateja, hukisia eneo, kisha husafiri kando ya laini wakitazama nguzo iliyoanguka, kikombe kilichopasuka, waya uliokatika au ndege aliyeungua. Wasipoona kitu hufungua swichi ya mkono iliyo katikati ya laini na kuomba kituo kiwashe. Umeme ukikaa, hitilafu iko mbele ya swichi. Ukikatika tena, iko nyuma. Wanarudia hivyo wakigawa laini nusu kwa nusu. Laini yenye vipande 8 huhitaji majaribio 3 kama swichi zipo na bahati ipo. Tatizo ni kwamba kati ya jaribio na jaribio kuna safari, pengine usiku na kwenye barabara ya udongo wakati wa masika.

Ukarabati wenyewe mara nyingi ni mfupi. Kubadilisha kikombe kimoja kunaweza kuchukua saa moja, ilhali kukitafuta kumechukua saa tano. Otomatiki hailengi kuharakisha kupanda nguzo. Inalenga kupunguza hizo saa tano.

Vifaa

Kifaa chenye faida kubwa zaidi kwa bei yake ni rikloza, yaani saketi breka ya juu ya nguzo inayojifunga upya yenyewe. Ilianza kutumika Marekani miaka ya 1940 kwenye laini za mashambani, zamani kabla ya kompyuta. Msingi wake ni kwamba hitilafu nyingi za laini za angani ni za kupita: radi imepiga, tawi limegusa na kuachia, ndege ameunguzwa na kuanguka. Vitabu vya uhandisi hutaja asilimia 70 hadi 80. Rikloza hukata umeme kwa sehemu ya sekunde, husubiri kidogo ili cheche izimike, kisha huwasha tena. Shoti ikiwa bado ipo hukata tena, na baada ya majaribio matatu au manne hujifungia kabisa hadi mtu aiondoe kwenye hali hiyo. Mtu aliyeona taa za nyumbani zikififia na kurudi mara mbili, kisha zikazimika kabisa, huenda ameiona rikloza ikifanya kazi bila kujua.

Swichi ya kutenga hushirikiana na rikloza. Yenyewe haiwezi kukata mkondo wa shoti, bali huhesabu ni mara ngapi umeme umekatika. Ikifikia idadi iliyopangwa hufunguka wakati laini imezimika, ili rikloza ikiwasha mara ya mwisho tawi bovu liwe limeshaachwa nje.

Kiashiria cha hitilafu ni kifaa kidogo kinachoning'inizwa kwenye waya. Mkondo wa shoti ukipita, huwaka taa, na vya kisasa hutuma ujumbe. Hakikati chochote, lakini humwambia fundi aelekee kulia au kushoto kwenye njia panda, na kwa sababu hiyo ni cha bei nafuu kuliko vyote na mara nyingi ndicho kinachonunuliwa kwanza.

Ili vifaa hivi vionekane kutoka mbali, kila kimoja huwekewa kisanduku cha kielektroniki chenye betri, kinachokusanya vipimo na kupokea amri. Taarifa hupelekwa kwenye chumba cha udhibiti penye mfumo unaojulikana kwa kifupi chake SCADA. Mwendeshaji huona laini zote kwenye kioo cha kompyuta, swichi zipi zimefunguka, mkondo ni ampea ngapi, na anaweza kufungua au kufunga swichi iliyo mbali naye kilomita nyingi.

Mawasiliano yanaweza kuwa ya redio, ya nyuzi za kioo au ya mtandao wa simu za mkononi. Simu ndiyo rahisi kuanza nayo kwa sababu minara imeshajengwa. Ina kasoro moja ambayo hutajwa mara chache: mnara wa simu wenyewe hula umeme wa laini ileile. Umeme ukikatika muda mrefu na betri za mnara zikaisha, chumba cha udhibiti hupofuka saa ileile kinapohitaji kuona. Kwa hiyo rikloza na swichi hupangwa ziweze kuamua zenyewe bila kungoja amri, na mawasiliano yawe nyongeza.

Kutenga hitilafu na kurudisha umeme

Tuchukue laini moja ya mfano yenye vipande vinne, A, B, C na D, vikifuatana kutoka kituoni. Kati ya kila kipande na kingine pana swichi otomatiki. Hospitali iko kwenye kipande B. Radi inapasua kikombe kwenye kipande C.

Bila otomatiki, wote wanne huzimika hadi C itengenezwe, au hadi fundi afike kwenye swichi iliyo kati ya B na C. Kwa otomatiki, mambo huenda hivi: saketi breka ya kituoni inakata, swichi zilizoona mkondo wa shoti ni ya A–B na ya B–C, lakini ya C–D haikuona, hivyo kosa liko C. Swichi ya B–C na ya C–D zinafunguka, kituo kinawasha tena, na A na B (pamoja na hospitali) wanarudi ndani ya dakika moja hivi. C inabaki gizani ikingoja fundi, ambaye sasa anajua kipande cha kwenda.

Na D je? Hapa ndipo umbo la mtandao linapotawala. Kama mwisho wa D unakutana na laini nyingine, swichi ya makutano inafungwa na D inarudishwa kutoka upande wa pili. Kama D ni ncha ya mti, hakuna kompyuta inayoweza kuileta umeme. Itangoja pamoja na C.

Ubora wa kazi hii hupimwa kwa vipimo viwili vinavyotumiwa duniani kote na wasimamizi wa nishati, nchini Tanzania wakiwa EWURA: wastani wa mara ambazo mteja mmoja alikatiwa kwa mwaka, na wastani wa muda aliokaa bila umeme. Rikloza hupunguza cha kwanza na cha pili pia. Swichi za mbali hupunguza hasa cha pili. Vipimo hivi vina udhaifu: ni wastani wa wateja wote, na laini ya mjini yenye wateja maelfu huweza kuficha kijiji kilichokaa gizani siku tatu.

Nyanda za juu za Kigoma

Mkoa wa Kigoma, wenye wakazi 2,470,967 kwa sensa ya mwaka 2022, ulikaa nje ya gridi ya taifa kwa muda mrefu kuliko mikoa mingi. Miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo ilikuwa kila mmoja na mitambo yake ya dizeli na mtandao wake mdogo, kama visiwa vitatu. Mafuta yalisafirishwa kutoka pwani kwa zaidi ya kilomita elfu moja, na umeme huo uligharimu TANESCO zaidi ya kile mteja alicholipa.

Gridi ilikaribia kutoka kaskazini. Njia ya kilovoti 220 ilijengwa kutoka Bulyanhulu hadi Geita, kisha Geita hadi Nyakanazi katika Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Nyakanazi pia ndipo inapofika njia ya kilovoti 220 kutoka maporomoko ya Rusumo, ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zinachangia mtambo wa megawati 80. Kutoka Nyakanazi umeme ulishushwa hadi kilovoti 33 na kuelekezwa kusini kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu. Mnamo Oktoba 2022, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mkoani, mitambo ya dizeli ilizimwa na Kigoma ikaanza kupokea umeme wa gridi.

Kwa wakazi hayo yalikuwa mabadiliko makubwa. Kwa mhandisi wa usambazaji yalileta swali jipya. Zamani hitilafu ya Kibondo ilikuwa ya Kibondo peke yake; mtambo wa Kasulu haukuhusika. Baada ya kuunganishwa, waya ukikatika kaskazini, walio kusini yake wote huzimika hata kama kwao mbingu ni nyeupe. Faida ya umeme nafuu imekuja pamoja na utegemezi wa njia moja.

Kabanga iko karibu na mji wa Kasulu (isichanganywe na Kabanga ya Wilaya ya Ngara, penye mpaka wa Burundi na akiba ya nikeli). Ina chuo cha ualimu na hospitali ya Kanisa Katoliki, Jimbo la Kigoma. Kwa hospitali yoyote ya namna hiyo, muda wa kukatika una maana tofauti na nyumbani. Jokofu la chanjo lililofungwa vizuri huvumilia saa kadhaa. Mashine ya oksijeni ya umeme haivumilii, na mama aliye juu ya meza ya upasuaji hawezi kungoja. Jenereta ya akiba ni ya lazima, lakini kila saa inayowaka hula dizeli ambayo ingenunua dawa. Swichi moja otomatiki iliyowekwa upande wa pili wa tawi linaloihudumia hospitali, ili hitilafu za mbele zisiirudie, huweza kuwa na thamani kuliko swichi tano zilizotawanywa bila mpango. Mpangilio wa vifaa hivi ni uamuzi wa kihandisi na pia wa nani arudishiwe umeme kwanza.

Eneo hili liko kwenye ukanda wa Maziwa Makuu, na mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Hitilafu za radi nyingi ni za kupita, kwa hiyo rikloza inafaa huku kuliko mahali pakavu. Lakini haiwezi kuchukua nafasi ya vikinga radi na waya za ardhi zilizo nzima: transfoma iliyounguzwa haiponi kwa kuwashwa upya.

Njia ya pili kwa Kigoma imepangwa kwa sehemu mbili. Kwanza ni njia ya kilovoti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kidahwe, karibu na mji wa Kigoma, yenye urefu wa takriban kilomita 280, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinishia mkopo mwaka 2018, Korea Kusini nayo ikichangia. Pili ni mtambo wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5 huko Igamba, Wilaya ya Uvinza, uliopata mkopo wa benki hiyohiyo mwaka 2020, pamoja na njia ya kilovoti 132 hadi Kidahwe. Umuhimu wake kwa makala hii si megawati tu. Mtandao unaolishwa kutoka kaskazini na pia kutoka kusini unaweza kuwa na swichi ya makutano katikati, na hapo ndipo kipande D cha mfano wetu kinapopata mlango wa pili.

Zanzibar ilijifunza jambo hilo kwa uchungu. Kisiwa cha Unguja kilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka bara, na hitilafu iliyotokea Desemba 2009 ilikiacha bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Waya wa pili wa kilovoti 132 wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Katika miezi ile hakuna swichi ya aina yoyote ambayo ingesaidia.

Msongo hafifu mwishoni mwa laini

Kazi nyingine ya otomatiki ni kuweka msongo sawa. Hesabu ya makadirio inaonyesha ukubwa wa tatizo. Megawati 3 zikisafirishwa kwa kilovoti 33 huhitaji mkondo wa ampea 52 hivi katika kila waya. Ikiwa waya una ukinzani wa omu 0.3 kwa kilomita na laini ni ya kilomita 200, ukinzani ni omu 60. Kiasi cha sehemu moja ya sita ya msongo hupotea njiani, na takriban nusu megawati hugeuka joto linalopasha hewa bure. Msongo ukipandishwa mara nne hadi kilovoti 132, mkondo hushuka hadi robo, na upotevu kwenye waya uleule hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita.

Mteja wa mwisho huliona tatizo hili jioni: taa inafifia, friji inanguruma bila kugandisha, mashine ya kusaga inapata moto. Dawa ya muda ni transfoma za kurekebisha msongo zinazobadili ngazi zake zenyewe kadiri mzigo unavyopanda na kushuka, pamoja na kapasita zinazoingizwa na kutolewa kwa saa au kwa sensa. Zikiunganishwa na SCADA huweza kupangwa kwa pamoja. Dawa ya kudumu ni kufupisha laini kwa kusogeza kituo cha kupoza umeme karibu na watu.

Mita

Mita za LUKU, ambazo kirefu chake ni Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia, zilianza kutumika Tanzania katika miaka ya 1990. Mteja hununua tarakimu 20 na kuziingiza kwa vidole. Mita hizo ni za kielektroniki, lakini nyingi haziongei na mtandao. Kampuni haijui kama nyumba ina umeme au haina mpaka mwenye nyumba apige simu.

Tofauti kati ya mita ya kielektroniki na mita janja ilionekana mwaka 2024. Kila tokeni ya LUKU hubeba muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ya aina hiyo duniani ilipaswa kubadilishiwa ufunguo, na kwa kuwa mita haziongei, mteja alipewa makundi mawili ya ziada ya tarakimu 20 aingize mwenyewe kabla ya tokeni ya umeme. Kwa mita iliyoko mjini ilikuwa usumbufu wa dakika tano. Kwa nyumba ya kijijini iliyofungwa, ambayo mwenyewe yuko safarini, mita ingekataa tokeni mpya mpaka arudi. Mita janja hupokea mabadiliko ya namna hiyo kwa mawasiliano bila mtu kugusa chochote. Vilevile hutuma ujumbe wa mwisho umeme unapokatika, na ramani ya jumbe hizo huonyesha ni transfoma ipi imezimika.

Kwa kampuni, faida nyingine ni kulinganisha umeme uliopita kwenye transfoma na jumla ya mita zilizo chini yake. Tofauti ikiwa kubwa kuna aliyejiunganishia, mara nyingi kwa msaada wa vishoka.

Mahali pengine

Nchini Tanzania gridi ya usafirishaji inasimamiwa kutoka kituo cha udhibiti cha Ubungo, Dar es Salaam. Upande wa usambazaji, hatua kubwa ya mwanzo ilikuwa mradi uliofadhiliwa na Finland wa kuimarisha umeme katikati ya Dar es Salaam katika miaka ya 2010, uliojenga kituo kipya cha kupoza umeme na kuweka SCADA ya usambazaji. Nchini Kenya, Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2015 mkopo wa dola milioni 250 wa kuboresha mtandao, ambao sehemu yake ilihusu otomatiki ya usambazaji. Nchini Uganda mtandao ulikodishwa kwa kampuni ya Umeme kuanzia 2005 hadi 31 Machi 2025, kisha ukarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali.

Mfano unaotajwa sana duniani ni Chattanooga, Marekani. Kampuni ya umma ya umeme ya jiji hilo, EPB, ilipata ruzuku ya serikali ya dola milioni 111.6 mwaka 2009, ikafunga swichi otomatiki zipatazo 1,200 kwa wateja wapatao 170,000, zikiunganishwa kwa nyuzi za kioo. Wanaoutaja mfano huo husahau kusema kwamba laini za pale tayari zilikuwa zinakutana.

Hatari

Rikloza ina upande wa kutisha. Haijui kama kilichogusa waya ni tawi au mtu. Waya ulioanguka chini unaweza kuwashwa tena sekunde chache baada ya kuzimika, na ule ulioangukia mchanga mkavu huenda usivute mkondo wa kutosha kuiamsha relei, ukabaki hai kimya. Kwa hiyo waya ulioanguka haukaribiwi wala kusogezwa kwa fimbo hata kama kijiji kizima hakina umeme. Mafundi nao, kabla ya kugusa laini, huzima uwezo wa kujifunga upya, hufunga swichi kwa kufuli, hupima na kuunganisha waya na ardhi. Jenereta ya nyumbani iliyounganishwa bila swichi ya kubadilishia huweza kurudisha umeme kwenye laini iliyodhaniwa kuwa imekufa, ukapanda kupitia transfoma hadi kilovoti 33.

Hatari ya pili ni ya mtandao wa kompyuta. Tarehe 23 Desemba 2015 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya kampuni tatu za usambazaji nchini Ukraine, wakafungua saketi breka kwa kutumia kompyuta za waendeshaji wenyewe na kuwakatia umeme wateja wapatao 225,000. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni na kuendesha swichi kwa mikono. Mtandao uliosahau kazi ya mikono usingekuwa na njia hiyo.

Gharama na utaratibu

Vijijini wateja ni wachache kwa kila kilomita ya laini, na wengi huunganishwa kwa ada nafuu kupitia miradi ya REA, wakala wa nishati vijijini uliotokana na sheria ya mwaka 2005. Mauzo ya umeme hayatoshi kulipia swichi kwenye kila tawi. Utaratibu unaofaa kwa kawaida huanza na kukata matawi ya miti na kurekebisha vikombe na waya za ardhi, kisha viashiria vya hitilafu kwenye njia panda, kisha rikloza chache kwenye shina, na SCADA baadaye. Vifaa vyenyewe vinahitaji matunzo: betri ya kisanduku cha nguzoni hudumu miaka michache tu, na betri ikifa swichi otomatiki inageuka swichi ya mkono ya bei ghali, ambayo fundi wa Kibondo ataifuata kwa gari kama zamani.